Uasi wa Wazanji: Ali bin Muhammad alikuwa mkombozi wa nani?

Wadau, makala za video kuhusu uasi wa Wazanji, watumwa weusi wa kusini mwa Iraki, zinasambazwa sana siku hizi, na nyingi zinafanana kama zimetoka jiko moja. Inaanza ramani, mshale mwekundu unatoka Zanzibar hadi Basra, sauti nzito inatuambia shujaa wa Waafrika alisimama akavunja minyororo. Kisha zinaletwa picha za watumwa waliokonda, wamejikunyata kwenye sitaha. Picha hizo zilipigwa ndani ya manowari ya Waingereza, Daphne, mwaka 1868. Uasi wenyewe ulianza mwaka 869. Miaka 999 imerukwa hapo, na mtazamaji haambiwi.

Msimamo wangu: watumwa walikuwa na kila haki ya kuasi, ila kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa mkombozi, na makala zinazomvika taji hilo zinatudanganya kwa kukata vipande.

Ali hakuwa mtumwa. Al-Tabari, mwanahistoria wa Baghdad aliyeandika habari hizi kwa urefu kuliko wote, anasema alizaliwa karibu na Rayy, Iran ya leo. Alikuwa mshairi aliyezungukazunguka ikulu ya Samarra, mji mkuu wa makhalifa wakati huo. Akajaribu kwanza kuasi huko Bahrain, mambo yakamwendea kombo. Ndipo akahamia Basra na kuwakuta watu waliokuwa wanakwangua ganda la chumvi kwenye ardhi ya mabwawa ili mashamba ya matajiri yafae kulimwa. Wengine hata Kiarabu hawakijui. Alisema nao kupitia mkalimani.

Kuna tukio moja ambalo nikilisoma najikuta niko upande wao kabisa. Mabwana walimfuata wakamwahidi dinari tano kwa kila kichwa, awarudishie watu wao. Ali akawaambia watumwa wakate makuti, na kila kundi likamshughulikia bwana wake: fimbo 500 kila mmoja. Hapo sinema inajitengeneza yenyewe, na makala zote hulipenda tukio hilo.

Ila kitabu hichohicho kinaeleza alichowaahidi: mali, nyumba, na watumwa wa kwao wenyewe. Na ahadi ilitekelezwa. Basra ilipotekwa mwaka 871 watu walichinjwa ovyo, na al-Masudi, mwanahistoria mwingine wa zamani, anasimulia jinsi wanawake wa koo tukufu walivyonadiwa kambini kwa dirhamu chache na kugawiwa wapiganaji. Huyo ndiye tunaambiwa alipigana ili utumwa ufutwe?

Najua jibu litakalokuja: al-Tabari alikuwa mtu wa makhalifa, anamwita Ali adui wa Mungu, kwa nini tumwamini? Ni kweli alikuwa na upande. Lakini sehemu kubwa ya habari zake aliipata kwa mtu aliyewahi kuwa ndani ya kambi ya waasi. Tena fimbo 500 tumezipata kwake yeye. Huwezi kuzipokea fimbo ukaikataa ahadi ya watumwa, ilhali zote zimetoka kalamu moja. Wengine watasema karne ya 9 nani alipinga utumwa? Sawa kabisa. Basi tusimbandike mawazo ya karne ya 19.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaoligeuza jambo hili kuwa Mwarabu dhidi ya Mwafrika, na kutaja vifo milioni mbili na nusu, hesabu za chumvi nyingi za wasimulizi wa zamani. Mmoja wa majemadari wakubwa wa Ali, Ali bin Aban al-Muhallabi, alikuwa Mwarabu. Jeshi la khalifa nalo lilikuwa na askari weusi. Na huo mshale wa Zanzibar? Biashara na Ghuba ilikuwapo, vyungu vya Iraki vimefukuliwa Shanga na Unguja Ukuu. Lakini waasi walichanganyika, wamo Wanubi na watu wa sehemu nyingine za Afrika. Kusema wote walitoka pwani yetu ni kujipendelea.

Kinachoniudhi zaidi ni mwisho wa hizo makala: kichwa cha Ali kinapelekwa Baghdad mwaka 883, muziki wa huzuni, basi. Miaka ya mwisho al-Muwaffaq, ndugu wa khalifa, alikuwa akitoa msamaha kwa anayejisalimisha, anamvika joho la heshima, kisha anampitisha kwa mashua mbele ya mji wa waasi, al-Mukhtara, wenzake wamwone. Wengi walivuka. Mkwangua chumvi aliyemwacha Ali na kujiunga na jeshi la wale waliomnunua alikuwa na hesabu zake, na mimi ningelipa kiingilio kuiona makala ya huyo.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye makala hata moja inayomsifu Ali na bado ikaitaja ile ahadi ya watumwa, aiweke hapa tuitazame.