Nina siliaki, nataka kukimbia kilomita 42 Moshi. Nile nini, nijihadhari na nini?

Mkimbiaji wa Njiro (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naomba ushauri, hasa kwa wakimbiaji na watu wa afya.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Arusha, nina kilo 58. Nilihangaika muda mrefu na tumbo kujaa gesi, kuharisha, na damu kupungua kila nikipima. Mwishowe nikapimwa damu, nikaingizwa kamera tumboni, wakachukua kinyama kidogo cha utumbo. Jibu likawa siliaki, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo ukila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Tangu hapo sijagusa ngano wala shayiri, na nimepata nafuu kubwa. Nimerudi barabarani, kilomita 21 namaliza vizuri. Sasa natamani Kilimanjaro Marathon, ile ya kilomita 42.2.

Wenzangu kwenye kikundi wanakula tambi na chapati usiku wa kuamkia mbio ndefu, asubuhi mkate, njiani jeli za wanga za pakiti. Mimi nabaki kubahatisha, na nikivuka kilomita 25 nguvu zinaniishia kabisa. Tena nitalala Moshi siku mbili; nitakula wapi kwa usalama? Daktari hajanikataza kukimbia, ila alisema nirudi kupima damu kwanza. Nijiandikishe au nisubiri?

Pumzi Ndefu

Hongera dada. Wanga wa kukimbilia umejaa sokoni, wala huhitaji tambi. Wali, ugali wa mahindi, viazi vitamu, mihogo, ndizi, mtama, ulezi: vyote havina gluteni.

Ninavyoona, tatizo lako ni kiasi. Siku mbili za mwisho kabla ya marathoni, mkimbiaji hushauriwa kula angalau gramu 8 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 58 ni kama gramu 460. Kikombe cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45, kwa hiyo sahani moja ya usiku haifiki popote. Gawanya siku nzima, na siku ya mwisho punguza maharage na mboga za majani, dona pia iache ule sembe, ili tumbo liamke jepesi.

Njiani lenga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, tende kubwa moja kama 16. Mimi hubeba tende zilizotolewa kokwa, nikianza kula mapema kabla sijahisi njaa. Chochote utakachotumia Moshi, kianze kwenye mazoezi yako ya Jumapili. Siku ya mbio si siku ya kujaribu.

Muuguzi Mstaafu

Mdogo wangu, marahaba. Hapo kwenye damu usipapite haraka.

Siliaki huharibu vile vinyweleo vya utumbo mdogo vinavyofyonza chakula, na madini ya chuma hufyonzwa hasa sehemu ya mwanzo ya utumbo huo huo. Ukiacha ngano dalili zinaweza kutulia ndani ya wiki chache, lakini utumbo wenyewe unaweza kuchukua miezi mingi, kwa watu wazima hata miaka. Kwa hiyo unaweza kujisikia mzima huku akiba ya chuma ikiwa chini. Kuishiwa nguvu kwako kilomita ya 25 kunaweza kuwa njaa kama alivyosema mwenzangu, na kunaweza kuwa damu. Huwezi kujua kwa kukisia.

Omba wapime ferritini, yaani akiba ya chuma mwilini, usiishie kwenye wingi wa damu peke yake. Omba pia vitamini B12, foleti na vitamini D, pamoja na kipimo cha kingamwili za siliaki kuona kama zinashuka. Ukipewa vidonge vya chuma usivimeze na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Na asubuhi ya mbio usimeze ibuprofeni kwa ajili ya magoti: huumiza utumbo, na figo pia mwili ukikaukiwa maji.

Kama una watoto, wapelekwe wapimwe. Ndugu wa damu wa karibu, takriban mmoja kati ya kumi huwa na ugonjwa huu.

Kijana wa Kazi

Samahani wakuu, huu si ugonjwa wa Wazungu? Dada ale chapati kidogo kidogo, mwili utazoea.

Muuguzi Mstaafu

Hapana mwanangu, na tafadhali usimshauri mtu mwingine hivyo. Huu si mzio wa kuzoeleka. Ni kinga ya mwili inayoushambulia utumbo wake yenyewe kila gluteni inapoingia, hata kipande kidogo, hata kama tumbo haliumi. Na si wa Wazungu: mahali palipopimwa na kukutwa na kiwango kikubwa mno ni kwa Wasahrawi wa Sahara Magharibi, zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100. Huku kwetu wengi hutibiwa amiba na minyoo mpaka wanachoka.

Mama wa Jikoni

Dada yangu, mwanangu anao huu ugonjwa, kwa hiyo nakuambia ninayoyaishi kila siku. Mahindi hayana gluteni, lakini mashine ya kusaga inaweza kuwa nayo. Ikiwa mteja aliyetangulia kasaga ngano, unga wako umeshachanganyika. Mimi natafuta mashine inayosaga mahindi tu. Unga wa uji wa lishe wa dukani ndiyo usiuguse bila kujua kilichomo, wengi huweka ngano. Bora ulezi wako uuchambue na kuusaga mwenyewe.

Chipsi ni viazi, sawa, lakini zimekaangwa kwenye mafuta ya sambusa na maandazi. Sosi ya soya ya kawaida ina ngano. Vinywaji vya unga vya kimea vina shayiri. Oti ya kopo wanayokula wakimbiaji wengine mara nyingi huchanganyika na ngano shambani na kiwandani. Iache kama haijaandikwa kuwa haina gluteni. Mwiko wa mbao uliosonga ugali wa ngano usisongee wako. Jeli nazo, soma pakiti moja moja.

Mwenyeji Moshi

Karibu sana kwetu. Usiku wa kuamkia mbio kula mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), au kiburu (ndizi na maharage) kidogo ukivumilia maharage. Ila muulize mpishi kama ametia unga wa ngano kuongeza uzito wa mchuzi, na kama ametumia viungo vya pakiti. Tafuta nyumba yenye jiko lako mwenyewe, uje na sufuria na mwiko wako.

Njia yenyewe: mwanzo ni barabara ya kuelekea Dar, tambarare, inakudanganya ukimbie kasi. Nusu ya pili unapanda kuelekea Mweka, na hapo ndipo asiyekula mapema huanza kutembea. Ukishageuka ni mteremko. Mwisho wa mbio bia zitakuwepo. Za shayiri zipite.

Mgeni Mtulivu

Nina dalili zote za mwanzisha uzi. Niache ngano nione?

Muuguzi Mstaafu

Usiache kabla ya kupimwa. Ukiacha, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, kipimo kinaweza kukosa ugonjwa uliopo. Nenda hospitali ukiwa bado unakula kama kawaida.

Mkimbiaji wa Njiro

Mungu awabariki wote, nimeandika kila kitu. Nimeamua hivi: wiki hii napima, ferritini ikiwemo. Ikiwa chini nakimbia 21 mwaka huu na kutibiwa, 42 nitaikimbia mwaka ujao. Ikiwa sawa najiandikisha, na Jumapili naanza tende. Watoto nitawapeleka. Mwenyeji Moshi, kuna mashine yoyote karibu na Chuo cha Ushirika isiyosaga ngano?

Mwenyeji Moshi

Siwezi kukuhakikishia hata moja, dada. Njoo na unga wako kutoka Arusha, na mchele. Ndizi za kupika usibebe, utazikuta hapa soko la Mbuyuni.