Tupeane uzoefu: Mwenzako anataka kwenda mahakamani kutangazwa muflisi, wewe unasita

Mama wa Goba

Habari zenu wakuu. Naomba waliopita kwenye madeni makubwa wakiwa ndani ya ndoa wanisaidie, maana nyumbani kwangu hali si nzuri.

Mume wangu ana fremu ya vifaa vya umeme Kariakoo. Mzigo wake ulichelewa bandarini, gharama za kuhifadhi zikapanda, na dola nayo ikapanda, akawa anakopa hapa kuziba pale. Sasa anadaiwa na benki, na wauzaji wa jumla wawili, na SACCOS ya wafanyabiashara, na watu binafsi ambao wengine ni ndugu zake. Simu zikiita jioni watoto wanatazamana, wanajua baba hapokei.

Ameshaongea na wakili. Anasema njia iliyobaki ni kwenda Mahakama Kuu mwenyewe, aombe atangazwe muflisi, wadai wasimame na yeye apumue.

Mimi nasita. Naiogopea nyumba, naogopea mshahara wangu wa ualimu, naogopa jina lake litoke kwenye Gazeti la Serikali na mtaa mzima ulijue. Yeye anachukulia kusita kwangu ni kumtelekeza wakati wa shida, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko deni lenyewe. Naomba sana msiniambie "vumilia" wala "ondoka". Walioketi kwenye meza hiyo na wenzao, mlikubaliana vipi, na baadaye ikawaje?

Mzee wa Vitenge

Pole sana mwalimu. Mimi nimeipita njia hiyo, na mke wangu alikuwa anapinga kama wewe, tena kwa sauti.

Nilikuwa na kizimba soko kuu la Kariakoo. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 unaukumbuka. Vitenge vyote vilivyokuwa ndani nilivichukua kwa mali kauli, nalipa nikishauza, kwa hiyo kilichoungua hakikuwa changu, lakini deni lilikuwa langu. Wadai walinivumilia kwa muda, kisha mmoja akaenda mahakamani, akapata hukumu, akaanza kuomba nipelekwe gerezani kama mfungwa wa madai. Watu wengi hapa mjini hawajui kwamba kifungo hicho bado kipo kwenye sheria. Mdai ndiye anayetoa posho ya kukulisha ukiwa ndani, na yule wangu alishasema pesa hiyo anayo.

Hapo ndipo nikasema naenda kujitangaza. Mke wangu akauliza swali moja tu: "Wakishachukua vyote, mimi na watoto tutaishi kwa nini?" Sikuwa na jibu, nikawa nakasirika badala ya kujibu. Mwishowe nikamwambia, basi twende wote kwa wakili ukamuulize mwenyewe. Mwalimu, siku ile ndiyo iliyotuokoa. Wakili alimweleza yeye, mimi nikiwa nasikiliza, na nikagundua mengi niliyokuwa nampigia kelele hata mimi sikuwa nayajua.

Aliambiwa kwamba muflisi habaki uchi: zana za kazi yake, nguo na matandiko ya familia vinaachwa, ingawa kwa thamani ndogo iliyowekewa kikomo. Akaambiwa pia kwamba mali ya mke inabaki ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba mkifunga ndoa mali ya mmoja inageuka ya mwingine. Mke wangu ana vyerehani vinne, anashonea Buguruni. Wakili akamwambia, mama, hilo lazima ulithibitishe. Mke wangu akatoa mfuko wa nailoni aliokuwa ameukunja kwenye mkoba, ndani mna risiti za vyerehani vyote. Wino wa moja ulikuwa umefifia hadi wakili akaisogeza dirishani ili asome tarehe. Jina lilikuwa la mke wangu. Kuanzia hapo akaacha kupinga, akaanza kuuliza maswali ya kazi: nani anaandika nini, tunaanzia wapi.

Tuliandika orodha ya madeni wote wawili. Inaapiwa ile, si karatasi ya kuokoteza. Unataja kila unachomiliki na kila unayedaiwa naye. Mahakama ikitoa amri, mali inashikwa na ofisa wa serikali kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na wadai hawawezi tena kukufuata mmoja mmoja bila ruhusa ya mahakama. Yule wa kunipeleka gerezani alisimama hapo hapo. Kisha kuna kikao cha wadai, na kuna kuhojiwa mbele ya mahakama. Kuhojiwa ndiko kulikonitoa jasho. Niliulizwa habari za pikipiki niliyomuuzia shemeji yangu: kwa bei gani, lini, pesa ilikwenda wapi. Kwa kuwa ilikuwa ya kweli na karatasi zipo, iliisha.

Jambo ambalo watu hawaambiwi ni kwamba ukishaingia humo bado mnaweza kukubaliana. Wadai wengi kwa idadi, wakiwa wanabeba robo tatu ya thamani ya madeni, walikubali mpango wa kulipwa sehemu kwa awamu, na mahakama ikaupitisha. Mpaka leo nauza vitenge, ila kwa mtaji mdogo na kwa pesa taslimu.

Bibi wa Tabata

Mimi ndiye niliyekataa, na ningekataa tena.

Mwalimu, kabla ya yote ngoja nikuulize: hati ya nyumba iko wapi? Kama iko benki, soma nitakayosema polepole.

Mume wangu alikuwa na madeni ya watu wengi wadogo wadogo na deni moja kubwa la benki, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa rehani. Mimi mwenyewe nilisaini, maana Sheria ya Ardhi inataka mwenza aridhie nyumba ya familia ikiwekwa rehani. Alipoleta habari za kufilisika nikaenda kuuliza kivyangu. Nikaambiwa kwamba mdai mwenye rehani hasimami kwenye foleni na wengine. Anaweza kuuza kile alichoshika hata kama umeshatangazwa. Kwa hiyo kwetu kufilisika kungewazuia mama ntilie, fundi na jirani, watu ambao walikuwa tayari kusubiri, na kusingemzuia yule ambaye ndiye aliyekuwa anakuja na dalali kupiga picha geti letu.

Nilimwambia mume wangu, tusitafute dawa ya kichwa wakati tunaumwa mguu. Tukaenda benki wote wawili, tukaomba tuuze nyumba wenyewe kabla ya mnada. Walisita, baadaye wakatupa muda. Bei tuliyopata ilikuwa nzuri kuliko ya mnadani, benki ikalipwa, tukabaki na cha kununulia kiwanja Chanika. Tulipanga vyumba viwili kwa muda mrefu. Watoto walilalamika, lakini hakuna aliyetufuata tena usiku.

Kijana wa Mbagala

Wakubwa, yangu ni fupi. Mchumba wangu alikuwa amekopa kwenye programu za simu, moja baada ya nyingine, akawa anatumiwa ujumbe wa vitisho, na mpaka mimi na bosi wake tukawa tunapigiwa. Akasikia habari za kujifilisi akataka kwenda. Nikamwambia tuangalie kwanza nani anatudai kihalali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na kadhaa ya zile zilizokuwa zinamtesa zilikuwemo. Hata wakopeshaji wa mtaani wenye leseni ya daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wamewekewa ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Ile ya kausha damu anayolipa dada yangu Rangi Tatu iko mbali mno na hapo.

Tulipochambua, deni la kweli lilikuwa dogo kuliko lile la kwenye simu. Alilimaliza kwa mshahara na mchezo wa kazini kwake. Wakuu, msimpeleke mtu Mahakama Kuu kwa sababu ya vitisho vya watu wasio na leseni.

Abuu Salma

Assalaam alaykum. Sisi tulianza na aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mdaiwa akiwa na dhiki asubiriwe mpaka afarijike. Sheikh wa msikiti wetu aliwaita wadai watatu, wote ni watu wa mtaani Magomeni, akawasomea, na mke wangu akawapikia chai. Wawili walikubali kungoja na mmoja akasamehe nusu. Kwa wadai wa aina hiyo mazungumzo yanatosha. Kwa benki sidhani kama yangefaa.

Karani wa Wakili

Nimefanya kazi ofisi za mawakili Posta kwa miaka mingi, na nimewaona wanandoa wengi wakija na jambo hili. Naongeza machache ambayo mwalimu ameyagusa.

Mshahara wako wewe si mali yake. Wa kwake ni jambo jingine, mahakama inaweza kuagiza sehemu yake iende kwa wadai.

Nyumba. Sikilizeni hapa, kwa sababu hofu ya mwalimu ina msingi. Kwa deni la kawaida lisilo na rehani, Sheria ya Mwenendo wa Madai inazuia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto isikamatwe kutekeleza hukumu. Lakini orodha ya vitu anavyobaki navyo muflisi ni fupi, Mzee wa Vitenge ameshaitaja, na nyumba sikuisikia humo. Maana yake mtu anaweza kuipeleka kwa mkono wake mwenyewe nyumba ambayo mdai asingeigusa. Jina la nani liko kwenye hati, nani alijenga kwa pesa gani, hayo mfanye kazi na wakili kabla ya kusaini chochote.

Na tafadhali, asije mtu akawashauri muandike nyumba au gari kwa jina la mke wiki hii ili "kuvinusuru". Nimeona ndoa zikivunjika hapo. Mahakama ina uwezo wa kurudisha zawadi na uhamisho wa aina hiyo uliofanywa kabla ya kufilisika, na mke aliyepokea ndiye anayeitwa kuhojiwa.

Mume akiwa na kampuni iliyosajiliwa, ajue pia kwamba muflisi ambaye bado hajaachiliwa, yaani mahakama haijamtoa kwenye ufilisi, hawezi kuwa mkurugenzi bila ruhusa ya mahakama. Kuachiliwa nako huombwa, hakuji kwenyewe. Na si kila deni linafutika: yaliyopatikana kwa udanganyifu yanabaki, na ya kodi yana masharti yake.

Kama wakili ni ghali, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna watoa msaada waliosajiliwa. Nendeni mkiwa wawili. Anayekuja peke yake hurudi nyumbani na nusu ya maelezo, na nusu iliyobaki ndiyo inayoleta ugomvi.

Mama wa Goba

Nimewasoma wote, na nimelia kidogo kwa huyu mama wa vyerehani. Asanteni mno.

Hati iko nyumbani, haiko benki. Benki imeshika gari na sehemu ya mzigo wa dukani. Nyumba ina majina yetu wote wawili. Karani, kuna kitu sikukiandika mwanzoni. Lile deni la SACCOS, mimi ndiye mdhamini. Nilisaini. Akitangazwa muflisi na baadaye akaachiliwa, na mimi ninakuwa nimetoka?

Karani wa Wakili

Hapana mwalimu. Kuachiliwa kwa muflisi hakumwachilii mdhamini wake. Wakishindwa kwake watakuja kwako, na kwako kuna mshahara.

Mama wa Goba

Basi sasa najua nilichokuwa naogopa bila kukijua jina. Mume wangu yuko hapa pembeni, nimempa simu asome mwenyewe tangu juu. Amesoma jibu lako akanyamaza, akasema deni la SACCOS tulimalize kwanza kwa kuuza mzigo uliobaki ambao haujashikwa, halafu Jumatatu twende kwa wakili wote wawili tuzungumze yaliyobaki. Anauliza: Mzee wa Vitenge, kwenye ile orodha uliwaandika na ndugu ambao hawana karatasi?

Mzee wa Vitenge

Wote, mdogo wangu, hadi mama yangu mzazi aliyenipa pesa bila hata shahidi. Na hilo la kulimaliza deni la SACCOS kwanza, msilifanye kabla ya Jumatatu. Mimi nilitaka kumlipa kaka yangu mapema, wakili akanizuia: ukimlipa mmoja ukijua unakaribia kufilisika, na wengine ukawaacha, malipo yale yanaweza kurudishwa. Mzigo uacheni dukani, na mumwambie wakili hivyo hivyo kama mlivyotuambia sisi.