Naomba ushauri: nitawaelezaje vijana kidani cha masalia chenye maneno ya kinga?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Nimeombwa kuongea na vijana wa Kipaimara kuhusu masalia ya watakatifu, na nataka nianze na Kidani cha Middleham. Ni cha dhahabu, cha karne ya 15, kilichimbuliwa mwaka 1985 karibu na ngome ya Middleham, Uingereza. Mbele kina yakuti ya buluu na Utatu Mtakatifu, nyuma Kuzaliwa kwa Bwana. Kinafunguka, na ndani vilikutwa vipande vya hariri.

Kinachonisumbua ni maandishi yake. Pamoja na "Tazama Mwanakondoo wa Mungu" kuna neno ananizapta, ambalo watu wa zama zile waliliamini kuwa kinga ya kifafa. Vijana wataniuliza papo hapo: hiyo si hirizi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alikubali mtu avae masalia shingoni kwa kumtumainia Mungu na watakatifu, ila akakataa kutegemea mambo ya bure, mfano kwamba chombo cha kuwekea masalia lazima kiwe cha pembetatu. Naona jibu limeanzia hapo, lakini kwa mtoto wa miaka 14 ni zito.

Makatekista na mapadre, ninyi mngelielezaje bila kuwadharau waumini wa kale? Na neno hilo nilitaje, au niliruke?