Maple Leaf Rag: mkono wa kushoto umenishinda

Kinanda_Moro: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Morogoro, tenzi nazipiga hata nikiwa nasinzia. Tangu Januari nahangaika na Maple Leaf Rag, kipande cha piano cha mtunzi Mmarekani Scott Joplin. Mkono wa kulia umekubali. Wa kushoto ndio unaniaibisha: besi chini, ruka juu, sauti tatu kwa mpigo mmoja, rudi chini. Nikifuata mwendo ninaousikia YouTube, besi naikosa kila mara. Kijana wetu wa spika kasema inafanana na mlio wa simu! Nifanyeje? Na huyu jamaa alikuwa nani hasa?

Mzee_wa_Nota: Kijana, punguza mwendo. Sijasema mimi, kasema mwenyewe: kwenye nota zake kadhaa Joplin alichapisha onyo kwamba regitaimu, yaani muziki wa aina hii, haifai kupigwa haraka, kamwe. Hao wa YouTube wanakimbizana na daladala.

Mkono wa kulia uache kabisa. Chukua sehemu ya kwanza tu, vipimo 16, piga kushoto peke yake mpaka uweze kuongea na mtu huku unapiga. Jicho likae kwenye besi. Zile sauti za juu mkono utazikuta wenyewe. Kushoto ni gwaride la brasi bendi, hakuyumbi. Utamu unatoka kulia, kunakowahi na kuchelewa makusudi. Kushoto kukiyumba, kulia kunachelewa kutoka kwa nani?

Kuhusu mtu mwenyewe: alizaliwa kaskazini mashariki mwa Texas, miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa. Baba yake alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Mwalimu mmoja Mjerumani, Julius Weiss, aliona kipaji akamfundisha bure. Mwaka 1899, akiwa Sedalia, Missouri, alisaini mkataba wa Maple Leaf na mchapishaji wa nota, John Stark: senti moja kwa kila nakala itakayouzwa. Msicheke. Watunzi wengi weusi wakati ule walipewa vidola kadhaa mkononi, basi, wimbo umekwenda.

Asha_Queens: Shikamoo Mzee. Mimi naishi New York, kaburi lake liko huku Queens, makaburi ya St. Michael's. Nilikwenda nikitegemea mnara. Nikakuta kibao chini kwenye majani, nusura nikikanyage. Na hicho kiliwekwa 1974! Alifariki Aprili 1917, kwa hiyo miaka 57 alilala bila hata jina.

Kilichomuumiza zaidi naona ni opera yake, yaani mchezo wa kuimbwa, Treemonisha, ya binti msomi anayeongoza watu wake. Aliichapisha kwa pesa yake 1911. Mwaka 1915 ikaimbwa Harlem, hapa hapa New York, bila okestra, bila mapambo, yeye mwenyewe kwenye piano. Haikupokelewa. Pulitzer, tuzo kubwa ya Marekani, alipewa 1976, marehemu.

Kaka wa Morogoro, jaribu pia Solace, kipande chake cha 1909. Ni ya taratibu, mkono utapumua.

Mzee_wa_Nota: Marahaba binti. Solace, umenena.

Kinanda_Moro: Asanteni sana. Jana baada ya mazoezi ya kwaya nimepiga kushoto peke yake, polepole kama naenda msibani. Besi nimeikosa mara mbili tu. Kijana wa spika aliacha kukunja nyaya, akauliza kulia kunaanza lini.