Aliyenusurika kujiua ashitakiwe au atibiwe? Tuongee bila kufichana

Ndugu zangu, hoja hii nimeilalia muda mrefu, leo naileta. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao ya adhabu, kinachomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakwenda kinyume na Katiba. Miongoni mwa waliopeleka shauri hilo ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya huko na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Hapa kwetu Tanzania tunacho kifungu pacha, namba 217 cha Kanuni ya Adhabu. Ukijaribu kujiua ukanusurika, umetenda kosa, na adhabu yake inaweza kufika miaka miwili jela.

Mimi nasema kifutwe. Nilipolisema hilo kwenye kijiwe cha kahawa, wazee wawili ninaowaheshimu walinijia juu. Wa kwanza alisema, "Mkiifuta, mtakuwa mmewaambia vijana ruksa." Wa pili akasema aibu ni uzio, na ukiung'oa uzio usishangae ng'ombe wakitoka. Hoja zao sizidharau. Ila kabla ya kuzijibu naomba niwasimulie nilichokiona kwa macho yangu.

Mtaani kwetu Morogoro kuna binti alinusurika. Alikuwa na miaka 19. Tulimkimbiza hospitali usiku kwa bajaji, mama yake amempakata, mimi nimekaa mbele na dereva. Kufika mapokezi, swali la kwanza: "PF3 iko wapi?" Kwa asiyejua, hiyo ni fomu ya polisi, huombwa pale majeraha yanapotia shaka. Mama yake alinitazama. Sikuhitaji aniambie kitu. Nikasema ni ajali ya nyumbani, na yeye akadakia, ndiyo, ajali.

Waliokuwa zamu waliuhudumia mwili wake vizuri, nawashukuru. Lakini asubuhi daktari alipokuja akaanza kuuliza analala vipi, anakula, kuna linalomsumbua, mama akaingilia kati na kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Waliondoka na dawa za maumivu, basi. Njiani nikamuuliza kwa nini hakumwacha daktari aongee na mtoto. Akanijibu, "Jirani, angesema kweli, si wangemfunga pingu pale pale kitandani?"

Sasa wazee wangu, niambieni sheria hii imemtisha nani. Binti hakutishika. Mtu aliyefika mahali anaona afadhali asiwepo hakai akapiga hesabu ya miaka miwili ya jela. Aliyetishika ni mama, na kutishika kwake kulimnyima mwanawe maongezi ya dakika kumi na daktari, maongezi ambayo pengine yalikuwa na thamani kuliko dawa zote alizopewa.

Wako wanaosema tusivunje maadili yetu kwa kuiga wageni. Hebu tutazame hii sheria imetoka wapi. Sheria hii tuliletewa na Waingereza, imetoka kwenye sheria zao wenyewe. Na wao kwao waliifuta tarehe 3 Agosti 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba bendera yao iliposhushwa hapa, London walikuwa wameshaitupa kwa miezi minne, nasi tukabaki tunaitunza kama urithi wa babu. Ghana, waliotawaliwa na hao hao, waliifuta ya kwao mwaka 2023.

Lakini sheria ni nusu ya jambo. Nusu nyingine ni sisi. Hapa naingia kwenye lililo gumu kwangu.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alijiua mwaka 2017. Kwenye tangazo la msiba mimi ndiye niliyeandika "presha ilipanda ghafla". Hakuna aliyeamini, na kila mtu alinishukuru. Watu walikuja, wakaandikisha rambirambi kwenye daftari, wakaondoka kabla ya chakula. Nakumbuka sufuria la wali lilivyorudishwa jikoni limejaa, kina mama wanatazamana. Tulizika saa mbili asubuhi, haraka haraka, kwaya haikuimba. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kwenye kwaya hiyo hiyo, alisimama peke yake upande mmoja wa kaburi. Kabla jioni haijafika ameshaulizwa mara tatu, "Ulimfanya nini?" Na mwanawe mkubwa, miaka minane wakati ule, aliporudi shuleni aliambiwa na mwenzake kwamba baba yake yuko motoni.

Ninasema kama Mkatoliki: hatukulazimika kumzika vile. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimtaji tena aliyejiua miongoni mwa wanaonyimwa mazishi ya Kanisa. Katekisimu nayo inaendelea kufundisha kuwa kujiua ni kosa zito, lakini inasema pia kwamba maradhi makali ya akili na mateso makubwa hupunguza lawama, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa mtu huyo. Ndugu zangu Waislamu wana mjadala wao. Ipo hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) hakumswalia mtu aliyejiua, na wanazuoni wengi walioifafanua wanasema ilikuwa kuwakanya watu, masahaba wakamswalia. Dini zote mbili zinakataza kitendo. Zote mbili zimeacha mlango wa huruma kwa maiti na waliobaki. Tunaoufunga ni sisi majirani.

Na kaka alikuwa mgonjwa. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa akiamka saa tisa usiku, anakaa kibarazani mpaka kunakucha. Aliacha kwenda kutazama mpira, yeye ambaye mechi ya Simba haikumpita. Ukimuuliza anajibu, "Nimechoka tu, mdogo wangu." Nikamshauri aombe likizo! Baada ya msiba watu walitafuta sababu moja: mke, kurogwa, mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Deni lilikuwepo kweli. Lakini wangapi mtaani kwetu wana deni na wanalala hadi jua linawachoma? Ile ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona inatibika, kwa maongezi na kwa dawa. Sisi tulisema ana mawazo, yatapita. Nani angethubutu kumwambia mwanaume wa miaka 41 aende kwa daktari wa akili, wakati kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, linatumika kutukania?

Nirudi kwa mzee wa uzio. Ni kweli, mzee wangu, mambo haya huambukiza. Shirika la Afya Duniani, linalokadiria kuwa watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, limekuwa likiwaonya waandishi wa habari wasieleze njia aliyotumia mtu, wala wasimfanye shujaa, kwa sababu wapo watakaoiga. Hapo tuko pamoja, na picha zinazosambazwa kwenye simu zinaniudhi kuliko zinavyokuudhi wewe. Lakini kumuuliza mtu anayeteseka, "Je, umewahi kuwaza kujiua?" hakumpandikizii wazo hilo kichwani. Mara nyingi ndiyo mara yake ya kwanza kulitua. Uzio wako, mzee, haukumzuia kaka yangu. Ulimzuia asiseme.

Kwa hiyo nauliza, na naomba wanaopinga wajibu kwa hoja. Kifungu cha 217 kimemsaidia nani unayemjua? Kikiondoka, nini kiwekwe mahali pake: kila aliyenusurika aonwe na mtaalamu kabla ya kuruhusiwa? Viongozi wa dini walio humu, msiba wa namna hii ukitokea kesho mtauendeshaje? Na kama unasoma haya huku wewe mwenyewe umefika ukingoni, uache mjadala kwanza. Mwambie mtu mmoja leo, hata kwa neno moja, na uende hospitali; nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili.

Mwanawe kaka sasa ni kijana mrefu kunizidi. Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka shambani akaniuliza, "Baba mdogo, hivi baba alikuwa na presha kweli?" Nikamweleza yote, taratibu. Alinyamaza mpaka tukavuka mto, kisha akasema, "Kwa hiyo hakuwa ametuchukia."

Shemeji amesoma andiko hili kabla sijalituma. Ameomba jambo moja tu: msiulize alijiuaje.