Mhandisi anayetaka kuwa wakili wa hataza: nibaki Uingereza au nirudi nyumbani kusoma sheria?

MhandisiMoro ameandika:

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni mhandisi wa mitambo, mwanamke wa miaka 28. Shahada ya kwanza niliipata Dar es Salaam, na sasa namalizia shahada ya uzamili hapa Sheffield. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi miaka mitatu katika karakana ya zana za kilimo Morogoro, na huko ndiko nilikoonjeshwa jambo ninaloliombea ushauri.

Mwenye karakana, mzee ninayemheshimu kama baba yangu, alibuni mashine ya kupukuchua mahindi bila kuvunja punje, akalipa fedha nyingi ili aandikiwe ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiutumie uvumbuzi wake. Aliyeliandika alikuwa msomi wa sheria mwenye nia njema, lakini hakuwahi hata siku moja kuiona mashine ile ikifanya kazi. Dai la kwanza, yaani sentensi inayoweka mipaka ya kile ambacho wengine wanakatazwa, lilitaja "ngoma ya chuma yenye meno 12 yaliyofungwa kwa bolti". Hataza ilipotoka, haikupita muda fundi mwingine akatengeneza mashine ileile kwa meno 10, akayachomelea badala ya kuyafunga kwa bolti, na mzee akaambiwa kwamba hana la kudai. Nilimwona akiikunja ile hati taratibu, akairudisha kwenye bahasha ya kaki, kisha akaendelea kunoa patasi bila kusema neno.

Tangu siku hiyo nimetamani kuwa mtu anayeweza kuandika madai yasiyotoboka. Je, nitafute nafasi ya uanagenzi katika ofisi za mawakili wa hataza hapa Uingereza, au nirudi nyumbani nianze shahada ya sheria kuanzia mwaka wa kwanza? Na je, pasipoti yangu ya Tanzania itanizuia popote?

Kalamu_ya_Madai amejibu:

Marahaba dada, na pole kwa yaliyompata mzee. Mimi ni mtu wa Mombasa, na nipo mwaka wa nne wa uanagenzi hapa London, kwa hiyo nitakueleza ninayoyaishi kila siku.

Uingereza haidai shahada ya sheria. Ofisi zinazoajiri wanagenzi hutafuta kwanza sayansi au uhandisi, na sheria unaisomea ukiwa kazini. Mitihani ya ngazi ya msingi ni mitano, kuanzia FC1 hadi FC5, nayo inagusa sheria ya hataza, misingi ya sheria ya Uingereza, taratibu za kimataifa, maumbo ya bidhaa na hakimiliki, pamoja na alama za biashara. Wengi huikwepa kwa kusoma cheti katika Queen Mary au Bournemouth, ambacho hukubaliwa badala yake. Baada ya hapo inakuja ngazi ya mwisho yenye karatasi nne: FD1 ni ya sheria na utendaji, FD2 ni ya kuandika ombi, FD3 ni ya kurekebisha ombi lililokataliwa, na FD4, ambayo imewaliza wengi nikiwamo mimi mwaka jana, inakupa hataza na bidhaa ya mshindani ili useme kama hataza imevunjwa na kama inastahili kusimama. Juu ya mitihani hiyo, unatakiwa uwe umefanya kazi walau miaka miwili chini ya usimamizi wa wakili aliyesajiliwa.

Upande wa Ulaya ni mtihani mwingine kabisa, EQE, unaosimamiwa na Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliyoko Munich. Wanadai shahada ya sayansi au ya ufundi, na miaka mitatu ya mafunzo chini ya mwakilishi wa kitaaluma, yaani mtu anayeruhusiwa kuwawakilisha wateja mbele ya ofisi hiyo. Kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya hakukugusa jambo hili, kwa sababu ofisi ya Munich si chombo cha Umoja huo.

Sasa nije kwenye pasipoti, maana hapa wengi wetu kutoka Afrika Mashariki hatuambiwi mapema. Kifungu cha 134 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kinataka mwakilishi wa kitaaluma awe raia wa nchi mwanachama wa mkataba. Unaweza kufanya mtihani na kuufaulu, lakini kuingizwa kwenye orodha ya wawakilishi ni jambo jingine. Rais wa ofisi hiyo anaweza kusamehe sharti la uraia katika mazingira ya pekee, lakini usijenge nyumba yako juu ya msamaha ambao bado hujaupata. Rejesta ya mawakili wa hataza ya Uingereza haina sharti hilo la uraia. Kwa hiyo, unapohojiwa kazi, uliza waziwazi mambo mawili: kama ofisi itakudhamini viza ya kazi, kwa kuwa muda wanaopewa waliohitimu ni mfupi kuliko safari yote ya mitihani, na kama wanamhitaji mtu ambaye huenda akabaki na sifa ya Uingereza peke yake kwa miaka kadhaa.

WakiliUpanga amejibu:

Binti yangu, nimesoma habari ya mzee wako kwa uchungu, kwa sababu mimi ni wakili wa miaka mingi hapa Dar es Salaam na najua kwamba wengi wetu tunaandika madai ya mitambo bila kuielewa mitambo yenyewe.

Ukirudi na kutaka uwakili, utasoma shahada ya sheria, kisha utapita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo uapishwe. Ni njia ndefu, na katika hatua zake zote hakuna anayekufundisha kuandika dai. Ndiyo maana ningekushauri usianzie huku. Jifunze kuandika kwanza chini ya mkono wa mtu anayejua, hata kama sheria utaisoma baadaye jioni kwa jioni.

Hata hivyo, usiidharau njia ya Harare. Tanzania imo katika Itifaki ya Harare ya mwaka 1982, mkataba wa nchi za Afrika kuhusu hataza, tangu mwaka 1999, na ombi moja lililofunguliwa ARIPO (shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, yaani haki za uvumbuzi na ubunifu, lililoko Harare) linaweza kutaja nchi nyingi wanachama kwa pamoja. Mwenye haki ya kuwakilisha wateja katika ofisi ya hataza ya nchi mwanachama anaweza kuwawakilisha na huko. Africa University ya Mutare, Zimbabwe, imekuwa ikitoa shahada ya uzamili ya miliki ubunifu kwa ushirikiano na ARIPO na WIPO (Shirika la Miliki Ubunifu Duniani) tangu mwaka 2008, na nimefanya kazi na wahitimu wake walioiva vizuri. Wakati unasubiri, fanya DL-101, kozi ya utangulizi ya WIPO kwa njia ya mtandao, ambayo haina ada.

Afrika Kusini wao wanadai vyote viwili: uwe wakili, uwe na elimu ya ufundi, kisha ufaulu mitihani ya hataza. Nadhani huko ndiko nasi tunakopaswa kuelekea.

Nipo_Maryland amejibu:

Nyongeza fupi kuhusu Marekani. Mwenye shahada ya uhandisi anaweza kuwa wakala wa hataza, yaani mtu anayewaandikia wateja maombi na kuwawakilisha mbele ya ofisi ya hataza, bila kusoma sheria, akifaulu mtihani wa maswali 100 ya kuchagua majibu. Mgeni, hata hivyo, anatakiwa awe anaishi humu kihalali, na kibali anachopewa kinafungamana na viza yake.

MhandisiMoro ameandika:

Nawashukuru sana, na kwa namna ya pekee WakiliUpanga kwa kuniita binti. Habari ya kifungu cha 134 sikuwa nimeisikia, na ingenigharimu. Nitaomba nafasi hapa, na viza nitaiuliza katika usaili wa kwanza.

Kalamu, kama hutajali, nimejaribu kuliandika upya dai la mzee: "Mashine ya kupukuchua mahindi yenye ngoma ya chuma inayozunguka, ambayo juu ya uso wake yameshikizwa meno kadhaa yaliyoinama kufuata upande wa mzunguko." Bolti nimezipeleka kwenye dai la pili, lile linaloongeza sharti juu ya la kwanza.

Kalamu_ya_Madai amejibu:

Umefanya vizuri kuzisogeza bolti, na mwinamo wa meno ndio uvumbuzi wenyewe, kwa kuwa ndio unaozuia punje kuvunjika. Katika maelezo ya uvumbuzi hakikisha umetaja pia kuchomelea na kusubu meno pamoja na ngoma, kwa sababu usilolisema siku ya kufungua ombi hutaruhusiwa kuliongeza baadaye.

Lakini nikuulize wewe uliyefanya kazi kwenye karakana: ngoma ya mbao ngumu haiwezi kupukuchua mahindi?

MhandisiMoro ameandika:

Inaweza. Ya kwanza kabisa mzee aliichonga kwa mninga. Naliondoa neno "chuma".