Gumzo la Ukoo: Mionzi ya Simu na Ubongo

Shangazi Mwajuma: Wanangu, hamjambo? Nimetumiwa ujumbe unaodai kwamba anayeongea na simu kwa muda mrefu huchemka ubongo polepole, na kwamba Shirika la Afya Duniani limekwisha kutangaza kuwa simu huleta saratani. Mwishoni wanauza kibandiko cha kuzuia mionzi. Je, nikinunue?

Salma: Shikamoo, Shangazi. Tafadhali usikinunue. Kilichotokea ni kwamba Mei 2011 wakala wa shirika hilo unaoshughulikia utafiti wa saratani uliyaweka mawimbi ya redio, ambayo ndiyo mionzi ya simu, katika kundi la 2B, yaani mambo ambayo huenda yakasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mchache. Dondoo la jani zima la mshubiri limo pia katika kundi hilo.

Kaka Idi: Mbona basi nikiongea muda mrefu sikio hupata moto?

Salma: Moto huo, Kaka, kwa sehemu kubwa ni wa betri na wa simu yenyewe iliyobanwa shavuni. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama ifanyavyo eksirei. Athari yake inayofahamika vyema ni kupasha mwili joto kidogo, na ndiyo maana kumewekwa vikomo: Ulaya ni wati 2 kwa kilo ya tishu za kichwa, Marekani ni 1.6. Bonyeza *#07#, na simu nyingi zitakuonyesha kipimo cha nguvu ya mawimbi yake inayofyonzwa na mwili, kikiandikwa SAR.

Baba Mdogo Rashidi: Usituharakishe, mwanangu. Mwaka 2018 Wamarekani walitoa matokeo ya panya dume waliopata uvimbe wa moyo baada ya kumulikwa mawimbi hayo. Tena mwaka 2011 watu 47 walipimwa huku simu ikiwa hewani sikioni kwa dakika 50, na sehemu ya ubongo iliyo karibu na antena ikatumia glukosi zaidi kwa takriban asilimia 7.

Salma: Ni kweli yote mawili, Baba Mdogo, na hilo la glukosi ndilo linalonifikirisha zaidi, ingawa watafiti wenyewe hawakusema kuwa ni madhara. Panya wale walimulikwa mwili mzima kwa saa 9 kila siku, karibu miaka miwili, na ajabu ni kwamba waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiomulikwa. Kwa binadamu, mapitio ya tafiti 63 yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia simu miaka 10 na zaidi.

Shangazi Mwajuma: Marahaba, mwanangu. Na kibandiko kina ubaya gani, hata kama hakisaidii?

Salma: Kikiziba mawimbi kweli, simu hulazimika kuongeza nguvu ili iufikie mnara, kama inavyofanya mtandao unapokuwa hafifu. Mwenye wasiwasi aongee kwa spika au kwa waya wa masikioni, kwa kuwa kuisogeza simu kidogo tu kutoka kichwani hupunguza mno mawimbi yanayokifikia, na maongezi marefu ayaache mpaka mtandao ukae sawa.

Kaka Idi: Na mtoto anayelala na simu chini ya mto?

Salma: Mnyang'anye, Kaka, kwanza kwa ajili ya usingizi wake, pili kwa sababu betri iliyofunikwa hupata joto.

Shangazi Mwajuma: Basi ujumbe ule naufuta, wala siupeleki kwa mtu mwingine.